Lomu, figo na vijana wetu wa Tabora

Makocha na wazazi wa Tabora, leo namzungumzia Jonah Lomu, mchezaji wa raga wa New Zealand, winga jezi namba 11. Mwaka 1995, akiwa na miaka 20 tu, aliifunga Uingereza trai 4 (trai ni kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga. Kabla mwaka haujaisha, figo zikagundulika kuugua. Pamoja na hayo, kwenye Kombe la Dunia la 1999 alifunga trai 8 nyingine!

Ugonjwa wake huanza kimyakimya: chujio za figo zinavujisha protini kwenye mkojo, maji yanabaki mwilini. Kijana akiamka kope zimevimba, mkojo una povu lisiloisha, msiseme amenenepa. Bonyeza kwa kidole gumba mfupa wa mbele wa mguu, juu ya kifundo, sekunde 10. Shimo likibaki, mazoezi basi. Akapimwe mkojo kwa kijiti, na presha. Na jamani, diclofenac, dawa ya maumivu ya dukani, kila baada ya mechi, juani, bila maji ya kutosha, inaumiza figo.

Lomu alipandikizwa figo 2004, akarudi kucheza mwaka uliofuata. Alifariki Novemba 2015, miaka 40. Mawinga wakubwa wenye mbio tunaowaona leo, yeye ndiye aliyewafungulia njia.