Kibodi ya taa: ing'oe kitufe kwanza ndipo uulize bei

Mdogo wangu anataka kibodi ya gemu, ile inayowaka taa za rangi. Mimi nachapa kazi za watu: ripoti za wanafunzi waliotoka mafunzo kwa vitendo, katiba za vikoba, mihtasari ya vikao vya ukoo vya mirathi. Nyingi nazimalizia usiku, watoto wamelala chumba hichohicho na taa imezimwa. Tukakubaliana tununue moja ya kutumia wote, na kazi ya kuchagua nikaichukua mimi, maana yeye rangi zikianza kupita juu ya vitufe haulizi tena kitu.

Dukani Kariakoo tukaletewa ya elfu thelathini na tano. "Dada, hii mekanikali kabisa, sikiliza mlio wake." Boksi lenyewe halikusema mekanikali, lilisema tu kwamba ukiibonyeza utahisi hivyo. Nikamwomba kijana atung'olee kitufe kimoja. Chini yake palikuwa na kikombe cha raba laini, basi. Kibodi za namna hiyo si mbaya, nimezichapia miaka mingi, lakini ni lazima kitufe kizame mpaka chini ndipo herufi itoke, na ukichapa kurasa nyingi vidole vinachoka.

Mekanikali ya kweli, kila kitufe kina swichi yake na springi yake. Ile nyekundu ya Cherry MX ya Ujerumani, kwa mfano, hupokea herufi ikishashuka milimita 2 tu kati ya 4, kwa uzito wa kidole wa kama gramu 45. Haki miliki ya muundo huo ilipoisha, kampuni za Uchina kama Gateron, Kailh na Outemu zikaanza kutengeneza swichi za aina hiyo, na ndiyo maana leo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikiria. Rangi ya swichi ina maana yake. Ya buluu inalia kwa kila herufi. Kwangu hiyo haiingii, watoto wataamka. Nyekundu inashuka moja kwa moja. Ya kahawia ina kikwazo kidogo kinachokuambia herufi imeingia, na haina mlio ule mkali. Mimi ni wa kahawia.

Sasa taa. Duka limejaa mwanga mchana kutwa, taa za kibodi utazipimaje? Nikavua mtandio nikajifunika pamoja na kibodi. Ile ya kwanza ilikuwa inawaka pembeni ya vitufe, katikati ya mistari, huku herufi zenyewe nyeusi tii! Hiyo haimsaidii anayetafuta alama ya asilimia usiku wa manane. Kinachotakiwa ni herufi inayopitisha mwanga. Hapo napo kuna mbili: kuna kitufe cha plastiki angavu kilichopakwa rangi nyeusi kisha herufi ikachongwa, na rangi hiyo hulika. Kwa sisi tunaochapa Kiswahili, A ndiyo huanza kupotea. Na kuna cha plastiki mbili zilizoumbwa pamoja, ambacho herufi yake haifutiki kwa sababu haikupakwa. Angalia pia kama taa inaweza kutulia kwenye rangi moja na kupunguzwa. Isiyotulia inaumiza macho.

Upande wa gemu nilimwachia mwenyewe, ila kwa masharti. Yeye ni mtu wa mpira: mishale miwili kwa kukimbia kimshazari, kitufe cha mbio, kisha shuti. Hivyo ni vinne kwa mpigo, na kibodi nyingi za bei nafuu zikibanwa vitatu au vinne vilivyokaa vibaya, kimoja hakisikiki. Tulifungua Notepad kwenye kompyuta ya duka, nikashikilia Shift zote mbili na kuchapa alfabeti nzima. Ile ya elfu thelathini na tano iliruka herufi kadhaa. Ya pili tuliyoletewa, ambayo ndiyo tuliyoichagua mwishoni, haikuruka hata moja. Alipojaribu na vitufe vyake vya mpira, vyote vinne vikaitika, na hapo akaacha kuisemea ile ya rangi nyingi.

Jambo la umeme nalitaja kwa wenye laptopu. Kibodi ya waya inakula kutoka kwenye mashine, na tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500. Umeme ukikatika, taa hizo zinakula betri uliyobaki nayo, kwa hiyo shusha mwanga. Isiyo na waya sikuiangalia kabisa, maana taa humaliza chaji yake upesi.

Tuliyoichagua ina swichi za kahawia, taa nyeupe peke yake, na namba za pembeni, ambazo siwezi kuziacha kwa sababu ya bajeti za vikoba. Elfu tisini na tano. Mimi natoa sabini, yeye ishirini na tano, na muuzaji ametuwekea mpaka Jumamosi.