Nilivyohamisha usukani wa Pijo ya Baba

Binamu yangu alipolitoa lile gari dogo la mfano kwenye begi alilokuja nalo kutoka Dubai, watoto walikimbilia kufungua milango na buti. Mimi nilichungulia ndani. Usukani ulikuwa kushoto.

Ni Peugeot 504 saluni, ya chuma, skeli ya 1:18, yaani gari la kweli limepunguzwa mara kumi na nane. Urefu wake unakaribia sentimita 25, na gari lenyewe halisi ni mita 4.49, kwa hivyo hesabu inakubali. Rangi nyeupe, kama ile ya Baba. Baba alifanya teksi na Pijo ya namna hiyo kuanzia 1988 hadi 2003, maegesho yake karibu na Ngome ya Yesu, Mombasa, akingoja watalii na wenye mizigo ya Mji wa Kale. Wafaransa walianza kuiunda 1968, mwaka uliofuata ikawa Gari la Mwaka la Ulaya, na 1983 wakaacha kuunda saluni. Huku kwetu nani alijali? Kenya iliendelea kuziunganisha 504 miaka na miaka, na ukitaka kujua kwa nini, muulize yeyote aliyepita njia za Kilifi wakati wa masika, abiria watano ndani na gunia la nazi kwenye buti.

Nje karibu sikugusa kitu. Kazi ilikuwa ndani, maana ndani ndimo waundaji hawakujisumbua: viti, dashibodi, sakafu, vyote plastiki nyeusi inayong'aa kama kiatu cha shule siku ya kufungua muhula. Ndani ya gari la Baba hamkuwa hivyo. Viti vilikuwa vya reksini, ile ngozi bandia, ya kahawia, dashibodi imepasuka kwa jua, na sakafuni hapakukosa mchanga hata siku moja.

Bisibisi nilimwazima fundi simu wa hapa Kibokoni, kwa sharti nimrudishie kabla ya Alasiri. Skrubu nne chini, bodi ikanyanyuka, na ndani yote ikatoka kama trei.

Dashibodi nilikaa nayo mkononi siku tatu kabla ya kuikata. Ukiitazama vizuri ina sehemu tatu: upande wa mita za dereva, katikati penye redio, na upande wa abiria wenye kisanduku cha karatasi. Nikaona ni jambo jepesi: nikate mara mbili, nibadilishane vipande vya pembeni, usukani uhamie kulia, tumalize. Nikachukua kipande cha msumeno wa chuma na nikakata.

Vipande vilipotoka nikavipanga upya, na dashibodi ikawa fupi. Meno ya msumeno yalikuwa yamekula karibu milimita moja kila nilipokata. Milimita mbili, utasema, si kitu. Lakini katika skeli hii kila milimita ni kumi na nane za kweli. Nilikuwa nimeng'oa karibu sentimita nne za dashibodi ya Baba na kuzigeuza vumbi. Ningetumia wembe, nikachora mstari uleule mara thelathini mpaka plastiki ikubali kuvunjika, nisingepoteza chochote. Pengo nililiziba kwa vipande vya kadi ya benki iliyokwisha muda, ambayo unene wake ulikuwa karibu na niliokuwa nautaka.

Shida ya pili sikuiwaza kabisa. Ncha za dashibodi zimepinda ili zikae sawa na mlango. Ukihamisha ncha ya kushoto kwenda kulia, mpindo unatazama ndani. Ikabidi nikate pembe zote mbili, nizijenge tena kwa pati ile wanayozibia bodi za magari, nisubiri ikauke, nisugue kwa msasa, nitazame, nijaze tena. Wiki nzima ilikwenda hapo. Tundu la shina la usukani nililitoboa kwa sindano ya moto, na klachi, breki na mafuta nikazing'oa kwa wembe na kuzibandika upande wa pili. Mafuta niliibandika kushoto kwa klachi, nikagundua siku mbili baadaye. Dereva hapo angeondoka na ukuta.

Baada ya dashibodi nikawa na mazoea ambayo mke wangu anayacheka mpaka leo: kila kitu nakizidisha mara kumi na nane. Kishanga kidogo kabisa nilichokipata dukani kilikuwa cha milimita moja na nusu; hiyo ni punje ya tasbihi ya milimita 27, kubwa kama ndimu changa. Nilivirudisha vishanga vyote. Tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo cha Baba niliitengeneza kwa uzi wa kushonea, vifundo vidogo vimefuatana, halafu nikauchovya kwenye rangi. Nilifika vifundo ishirini na tatu macho yakagoma. Zilitakiwa thelathini na tatu. Mungu anajua nia.

Rangi ilinipa adabu. Koti la kwanza nilipuliza kwa kopo saa moja asubuhi, uani, kabla jua halijawaka. Baada ya dakika kumi viti vilikuwa na ukungu mweupe kama vimepakwa chokaa. Nililaumu kopo, kumbe kosa ni saa niliyochagua. Thina ikiruka haraka hupoza uso wa kitu, na hewa ya asubuhi ya Mombasa imejaa maji. Yale maji hutua juu ya rangi mbichi na kuizima. Fundi rangi wa magari aliniambia nipulize mchana, jua likiwa limekausha hewa kidogo, makoti membamba membamba, na siku za mvua niache kabisa. Nilifuata, na sehemu ndogo zote nikazipaka kwa brashi na rangi ya maji. Yule mtu amekaa na kopo la rangi miaka ishirini, ningemuuliza kwanza.

Reksini ya kweli haiwezekani hata kidogo, kwa sababu ileile ya kumi na nane. Kipande cha unene wa milimita moja kingefanya kiti kionekane kimevikwa godoro. Nilichotumia ni plasta ya karatasi, ile nyeupe ya hospitali ya kubandikia pamba, inauzwa kwenye maduka ya dawa. Ina vitundu vidogo vidogo na vinyuzi, ukiipaka rangi inashika kama ngozi ya kiti. Nilikata vipande kwa mkasi wa kucha, nikabandika mto mmoja mmoja, kisha nikapaka kahawia, na juu yake kahawia nyeusi iliyochanganywa na maji mengi ili ishuke kwenye mishono. Ya juu niliifuta kwa kidole kabla haijakauka. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliita mtu aje aone.

Aliyekuja ni Baba mwenyewe. Sikumuuliza gari lilikuwaje, kwa sababu nilishamuuliza kabla na jibu lake lilikuwa "lilikuwa gari zuri". Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikamwambia, "Baba, hebu endesha."

Alinitazama kidogo. Kisha mkono wa kushoto ukapanda juu ya usukani ambao haupo, ukakaa palepale juu kabisa, na kiwiko cha kulia kikatoka nje ya dirisha. Akaegemea upande wa mlango. Hakuegemea nyuma, aliegemea mlango, kama mtu anayesikiliza kitu barabarani.

Nilirudi mezani nikafanya alivyonionyesha. Usukani wote niliupaka rangi isiyong'aa, isipokuwa sehemu ya juu, upana wa kiganja, ambako nilipaka vanishi kidogo, maana plastiki iliyoshikwa miaka kumi na tano hung'aa. Ukingo wa mlango wa dereva niliukwangua rangi mpaka chuma kikaonekana. Upande wa kulia wa kiti cha dereva niliukandamiza kwa kijiko kilichopashwa moto, kidogo tu, na plasta ikapata mikunjo yenyewe. Nyufa za dashibodi nilizichora kwa ncha ya wembe, zote kutoka kwenye kioo kuja nyuma, maana huko ndiko jua linakopiga. Nyufa nyingi mno zinaharibu. Nilichora kumi na moja, nikaziba sita.

Mita niliipiga picha kutoka kwenye Pijo chakavu iliyoegeshwa nyuma ya gereji moja, nikaichapisha saiba ikiwa ndogo kuliko ukucha, nikabandika na kudondosha tone la rangi ya kucha isiyo na rangi ili ifanane na kioo. Hili ni rahisi na linapendeza kuliko linavyostahili. Ila dawa ya kuondoa rangi ya kucha usiisogeze karibu na plastiki, inayeyusha.

Sakafu nilifanya kwa mahameli. Fundi cherehani alinipa mabaki meusi, nikayanyoa kwa wembe juu ya karatasi mpaka nikapata unga wa manyoya, nikapaka gundi nyeupe ya seremala sakafuni, nikaunyunyiza kwa chujio la chai. Ukikauka unageuza trei, unagonga, unaobaki ndio kapeti.

Kisha mchanga. Nilikwenda Nyali kuchota mchanga wenyewe, kwa heshima ya ukweli, nikaumwaga chini ya viti. Ilionekana kana kwamba mtu amemimina kokoto za ujenzi ndani ya teksi. Punje ya nusu milimita ni jiwe la milimita tisa. Niliutoa wote kwa brashi na kibano, jioni nzima, na nusu ya kapeti ikatoka nao. Mara ya pili nilisugua kipande cha jiwe la matumbawe kwenye msasa, nikapata vumbi kama poda, nikalipuliza kidogo pembeni mwa pedali. Hapo likawa mchanga.

Kwenye kiti cha nyuma Mama alikuwa akitandika leso, ili abiria wasiunguzwe na reksini saa za mchana. Bado anayo. Niliipiga picha, nikaichapisha kwenye tishu nyembamba iliyobandikwa juu ya karatasi ya kawaida, milimita 83 kwa 61. Printa ya wino wa maji ilinivunja moyo, nilipoilowesha kwa gundi ili ilale vizuri, pindo lote likachuruzika. Ya poda haikuchuruzika. Jina la leso halisomeki kwa jicho, lakini Mama aliliangalia akalitamka lote, halafu akanikemea kuwa nimeitandika kichwa chini.

Kosa kubwa nililifanya siku ya mwisho, kazi imekwisha na mimi nimeshaanza kujipongeza. Kioo cha kutazamia nyuma, pamoja na tasbihi yake, nilikibandika kwa supaglu juu ya kioo cha mbele, nikafunga bodi, nikaenda kula. Niliporudi, kioo cha mbele kilikuwa na theluji. Mvuke wa gundi ile huganda juu ya plastiki angavu na kuacha weupe, na mimi niliufungia ndani usipate pa kutokea. Nilifungua tena skrubu nne. Nilisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba, duara ndogo ndogo, kama saa mbili hivi, nikasuuza, nikasugua. Sehemu kubwa ilirudi. Pembe ya juu kushoto haikurudi na haitarudi. Sasa vioo nabandika kwa gundi nyeupe, inachelewa kushika lakini haitoi moshi.

Baba nilimpa baada ya Magharibi. Aliomba tochi ya simu, akaliinua usawa wa jicho, akachungulia kupitia dirisha la dereva, yaani la kulia. Alinyamaza kitambo.

"Kioo kichafu," akasema. "Mimi nilikuwa nakiosha kila alfajiri."

"Naam, Baba."

Akaligeuza, akamulika nyuma. "Na hii mikanda ya nyuma ni ya nini?"

Ile mikanda ndiyo niliyojivunia kuliko kitu chochote. Utepe mweusi wa satini wa milimita tatu, niliupunguza kwa wembe mpaka mbili na nusu hivi, kwa sababu mkanda wa kweli una upana wa karibu milimita 47, na vifungo vya karatasi ya fedha ya sigara nilivikunja kimoja kimoja chini ya lenzi.

"Ya abiria," nikasema.

"Abiria wapi hao? Gari niliuza 2003. Sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, za kufunga mikanda zilianza mwaka uliofuata. Kabla ya hapo nani alifunga mkanda nyuma ya teksi? Ilikuwa imesukumwa chini ya kiti, iko na karanga na senti za watu."

Nilifungua skrubu kwa mara ya tatu. Baba alishika tochi, mimi nikashika kibano, tukaisukuma mikanda chini ya kiti mmoja mmoja mpaka vifungo vikapotea.