Mjukuu wa Balozi

Mwaka 2011 nilikuwa jirani na Chamwino, Dodoma, nikikusanya simulizi za wazee waliohamishwa kwenye Operesheni Dodoma ya 1971, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino mwaka huo akafyatua matofali na wanakijiji. Mimi nimekulia mjini, lakini ndiko kwetu. Marehemu babu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na daftari la kaya za kuhama lilikuwa mikononi mwake.

Bibi mmoja nilimkuta uani akipeta uwele. Nilimwamkia, nikamweleza utafiti wangu, akaridhia nirekodi. Alijibu kwa ufupi: tulihama, watoto wakapata shule, maji yakasogea. Kisha akauliza, "Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia babu. Akaweka ungo chini.

"Zima hicho kinasa sauti, mjukuu wangu. Sasa nakuambia wewe."

Akaanza upya. Tembe lao, nyumba ya udongo yenye paa bapa, lilibomolewa mvua zikinyesha. Makaburi ya wazazi wake yalibaki kule kwenye mahame. Babu alipita na daftari, akaandika majina bila kumtazama mtu usoni. Nilimuuliza kama naruhusiwa kuyaandika hayo. "Andika. Na babu yako umwandike."

Shule na maji ni kweli. Mahame nayo ni kweli. Lile la kwanza alimpa mtu wa Chuo Kikuu, la pili akampa mtu wa ukoo anayehusika, na bila kumweleza msomaji nilikuwa nani pale uani, hawezi kuelewa kwa nini yamepishana. Msimamizi wangu alitaka aya inayomtaja babu iondolewe, akisema mtafiti ajitoe kwenye kazi yake. Ajitoe aende wapi? Miaka ya 1970 watafiti wa mradi wa Jipemoyo, Bagamoyo, walichunguza mambo pamoja na wanakijiji, bila kujifanya hawapo. Nilisimama hapo hapo, aya ikabaki.

Kabla sijakabidhi tasnifu nilirudi kumsomea bibi sehemu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha.

"Umemwandika babu yako peke yake. Aliyepanda juu ya tembe letu kulibomoa ni kaka yangu, tumbo moja. Alikuwa mgambo. Mwandike na yeye."

Nikaandika palepale, yeye akiniangalia.