Kompyuta inayochelewa kusema: kumbukumbu ya mradi wangu

Ijumaa usiku

Mgonjwa ni kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinazotolewa maofisini: prosesa ya Intel kizazi cha tatu, RAM ya GB 4, diski ngumu ya GB 500, Windows 10. Sioni, kwa hiyo natumia NVDA, kisoma skrini, yaani programu inayonisomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Skrini yenyewe ipo kwa ajili ya wageni tu.

Dalili: nabonyeza kishale cha chini kwenye orodha ya mafaili, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Halafu majina yote yanamwagika kwa mkupuo na sijui nimesimama wapi. Mwenye macho huona kile kiduara kinazunguka, akajua asubiri. Mimi napewa ukimya peke yake, na ukimya hausemi nani amekwama: programu, NVDA, sauti, au mashine nzima.

Kwa hiyo leo sijagusa kitu, nimetenganisha tu. Kipimo changu ni Insert na F12, NVDA inataja saa. Nakifanya baada ya kufunga kila kitu na kurudi kwenye desktop tupu, kwa sababu kisoma skrini huishi kwa kuuliza. Huiuliza programu iliyo mbele "hapo kuna nini?", na isipojibiwa nacho hukaa kinasubiri. Ukipima ukiwa ndani ya brauza iliyoganda utaisingizia NVDA.

Matokeo: mashine ikiwa imetulia, saa inatajwa papo hapo. Diski ikianza kukoroma, saa nayo inachelewa. Nimeweka kiganja juu ya boksi kuhakikisha. Kila ucheleweshaji unakuja pamoja na mtetemo ule ule.

Jumamosi

Hata hivyo sikutaka kuihukumu diski mapema. Nilibadilisha sauti kwanza: Insert, Control na S, nikatoka kwenye sauti za Windows nikaenda eSpeak NG, sauti nyingine ya kompyuta inayokuja na NVDA. Ni nyepesi sana, inaitika kwa haraka, na Kiswahili inacho, japo ni Kiswahili cha roboti. Watu huichukia wiki ya kwanza, baadaye hawaachani nayo. Kisha Insert na Q, nikachagua kuiwasha NVDA upya bila viongezi, vile vijiprogramu vya nyongeza. Unafuu ulikuwepo kwenye sauti, lakini mikwamo mirefu ilibaki. Viongezi nikavirudisha.

Hapa ndipo watu husema futa NVDA uweke upya. Sikubaliani nao. NVDA ni programu ndogo, na ukiifuta hutajua ugonjwa ulikuwa nini.

Nikafungua Task Manager, dirisha linaloonyesha nini kinatumia prosesa, kumbukumbu na diski, kwa Control, Shift na Esc. Shida ya lile dirisha ni kwamba namba zinabadilika kabla hujamaliza kusikia mstari, kwa hiyo nenda menyu ya View ukasimamishe kujisasisha, halafu usome polepole. Prosesa ilikuwa karibu imelala. Kumbukumbu ilikuwa inakaribia kujaa. Diski asilimia 100, wakati brauza peke yake ndiyo imefunguliwa.

Basi hesabu ikakaa sawa. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. NVDA nayo, ukisoma ukurasa wa intaneti, hujitengenezea nakala yake ya ukurasa ule ili uweze kutembea ndani yake kwa vishale, kwa hiyo ukurasa mkubwa unakula nafasi zaidi. Na diski ngumu ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Ukiongeza muda wa kichwa kuhama, inahudumia maombi ya hapa na pale yasiyofika hata mia mbili kwa sekunde. Hapo antivirasi inapekua, Windows inapakua masasisho, na mimi nangoja jina la faili moja.

Nikapima pia afya ya diski kwa programu ya kusoma SMART, ile ripoti ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Sekta zinazosubiri kuhamishwa, yaani sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka vizuri, hazikuwa sifuri. Nilinakili nyaraka zote kwenye diski ya nje usiku huo huo, kabla ya jambo lingine lolote.

Wiki iliyofuata

SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 240 imekuja na basi kutoka Kariakoo. RAM ya DDR3 ya GB 4 nyingine nimeipata kwa fundi wa mtaani, kwenye droo yake ya vyuma chakavu.

Kuhamisha Windows kulinitesa kuliko bisibisi. Programu ya kunakili diski ilikuwa na vitufe visivyo na majina: "kitufe, kitufe, kitufe". Wokovu ulikuwa Insert na R, ambapo NVDA huisoma skrini kama picha kwa kutumia OCR ya Windows, yaani uwezo wa kutambua maandishi ndani ya picha. Ukilifikia neno unalolitaka unabonyeza Enter, inabofya pale pale. Hata hivyo nilimwita mpwa wangu athibitishe ipi ni diski ya kutoka na ipi ya kwenda, maana ukizigeuza umefuta kila kitu.

Ndani ya boksi, vidole vinatosha. Chomoa waya wa umeme, shika chuma cha boksi kwanza umeme tuli utoke, ndipo uguse vifaa. Plagi za diski, ziitwazo SATA, ya data na ya umeme, zina umbo la herufi L, haziingii kinyume. RAM ina mkato mmoja usio katikati kabisa. Mkato usipokubali, geuza, usisukume. Vumbi nililotoa kwenye feni sitalieleza.

Nikawasha. Kimya. Dakika zikapita, kimya. Mpwa akaangalia: "Mjomba, imeandika kifuniko kilifunguliwa, bonyeza F1 kuendelea." Kabla Windows haijaamka hakuna kisoma skrini kinachofanya kazi, na BIOS ya mashine hii, programu inayoiamsha kabla ya Windows, haina sauti. Ukifungua boksi la kompyuta ya ofisini, tegemea ujumbe wa namna hiyo na jaribu F1 kabla ya kukata tamaa.

Sasa

Kutoka kuwasha hadi NVDA kusema ni chini ya nusu dakika. Mafaili yanasomwa moja moja, kila kishale na jina lake.

Kimebaki kidudu kimoja: baada ya kimya kirefu, silabi ya kwanza inamezwa, "nyaraka" inakuwa "raka". Si uzito wa mashine, ni hedifoni ya USB inayosinzia ili kuokoa umeme. Nimehamia tundu la nyuma la spika na tatizo limeondoka.

Linalofuata ni Windows 10 yenyewe, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa hii haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Nimeshaandaa flashi ya Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, nijaribu Orca, kisoma skrini chake, bila kugusa SSD. Nitapima kwanza brauza na uandishi wa nyaraka. Hivyo viwili vikienda, nahama.