Duali ndiyo iliyonifungulia linia programingi na nadharia ya michezo

Mwaka wa tatu wa shahada ya hisabati tulikuwa na kozi moja iliyobeba mada mbili: linia programingi kwanza, yaani kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kabisa ndani ya mipaka ya rasilimali, kisha nadharia ya michezo, yaani hesabu ya kuchagua mbinu pale ambapo matokeo yako yanategemea pia uamuzi wa mwenzako. Waliotutangulia walituambia kuwa ndiyo kozi ya sapu, yaani ya kurudia mtihani. Hata hivyo wengi tuliingia na ujasiri wa kidato cha nne, maana linia programingi imo kwenye silabasi ya sekondari: unachora grafu, unatia kivuli, unasoma pembe, unachagua iliyo kubwa. Haukupita muda ubao ukajaa majedwali ya simpleksi, mbinu ya kutafuta jibu bora kwa hatua za hesabu badala ya mchoro. Grafu nayo ikaishiwa kazi, kwa sababu vitu vya kuamua vilikuwa vitano au sita na karatasi inabeba viwili tu.

Kilichonivusha ni kushika mfano mmoja mdogo na kuung'ang'ania muhula mzima. Nilijitungia karakana ya samani. Meza inakula mbao 4 na saa 2 za kazi, faida yake Sh 40,000. Kiti kinakula mbao 2 na saa 2, faida Sh 30,000. Kwa wiki zipo mbao 200 na saa 160. Kwa grafu jibu linatoka haraka: meza 20, viti 60, faida Sh 2,600,000.

Nikairudia kwa simpleksi, kwa mkono, pale kwenye vimbweta tulipokuwa tunapiga msuli jioni. Unaanzia kwenye pembe ambayo hujatengeneza kitu. Meza ina faida kubwa kuliko kiti, basi inaingia yenyewe kwanza. Unagawanya 200 kwa 4 unapata 50. Unagawanya 160 kwa 2 unapata 80. Jibu dogo ndilo linalokubana: mbao zitaisha kabla ya saa. Sasa uko kwenye meza 50 na faida ya Sh 2,000,000. Hatua ya pili viti vinaingia, na unatua palepale kwenye meza 20 na viti 60. Jedwali nililiweka kando ya grafu nikafuatisha kwa kidole: kila pivoti, yaani kila hatua ya kubadili jedwali, ni kutoka pembe moja kwenda pembe ya jirani yenye faida zaidi. Tangu siku hiyo majedwali makubwa hayakunitisha, kwa sababu nilijua yanatembea wapi hata kama siwezi kuyachora.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye mstari wa chini wa jedwali la mwisho. Chini ya safuwima ya mbao zinazobaki kuna 5,000, na chini ya safuwima ya saa zinazobaki kuna 10,000. Ukiongeza mbao mbili, mpango bora unakuwa meza 21 na viti 59, na faida inapanda hadi Sh 2,610,000. Kwa hiyo ubao mmoja wa ziada una thamani ya Sh 5,000 kwa karakana hii. Sasa zidisha: mbao 200 kwa 5,000, jumlisha saa 160 kwa 10,000. Ni 2,600,000 ileile! Hiyo ndiyo duali, tatizo pacha la lile la kwanza. Mtu anayetaka kukodi karakana nzima anatafuta bei ndogo kabisa za mbao na saa ambazo mwenye karakana hatapata hasara akizikubali. Mmoja anapandisha, mwingine anashusha, na wanakutana kwenye namba moja.

Nilikwenda Keko, mtaa wa mafundi samani hapa Dar es Salaam, nikamwamkia fundi mmoja mzee na kumuuliza angelipa kiasi gani kwa ubao mmoja zaidi wiki hiyo.

"Mbao ninazo, mdogo wangu, zimelala hapo nyuma. Ninachokosa ni mtu wa kupiga msasa. Ubao wako sikupi hata mia."

Alinisomesha teoremu ambayo darasani ilikuwa mistari ya alama tupu: rasilimali inayobaki bila kutumika, bei yake ya duali ni sifuri. Yenye bei ni ile tu iliyokwisha.

Tulipofika nadharia ya michezo nilikuwa nimeshajiandaa bila kujua. Chukua penalti. Tuseme mpigaji akipiga kushoto anafunga mara 50 kwa 100 kipa akiruka upande huo, na mara 90 kipa akienda kwingine. Akipiga kulia anafunga mara 60 kipa akimfuata, na 80 asipomfuata. Mpigaji anataka mchanganyiko wa kushoto na kulia utakaompa kiwango kikubwa cha uhakika, kipa afanye lolote. Hiyo ni linia programingi. Kipa anatafuta mchanganyiko utakaoshusha kiwango hicho, nayo ni linia programingi. Ukiziandika bega kwa bega unaona moja ni duali ya nyingine. Mpigaji apige kushoto theluthi moja ya mara zote, kipa agawe nusu kwa nusu, na wote wawili wanakutana kwenye mabao 70 kwa 100. Nilipenda sana kuona kwamba upande unaofunga zaidi goli likiwa wazi ndio anaoutumia mara chache, kwa kuwa huko kipa akipatia anaharibu zaidi. Mchumi Ignacio Palacios-Huerta alichunguza penalti zaidi ya 1,400 za wachezaji wa kulipwa barani Ulaya na kuchapisha matokeo mwaka 2003: wanapiga kwa namna inayokaribiana sana na nadharia.

Uhusiano huu una historia yake. Mwanahisabati George Dantzig alibuni simpleksi mwaka 1947, na Oktoba mwaka huohuo akaenda Princeton kumwona mwanahisabati mwenzake John von Neumann. Huyu alikuwa amethibitisha teoremu ya minimaksi tangu 1928: kwenye mchezo wa wawili ambao hasara ya mmoja ni faida ya mwingine, wote wanakutana kwenye namba moja, kama mpigaji na kipa. Alipoelezwa tatizo la Dantzig, papo hapo akaanza kumfundisha duali, kwa sababu alishaifahamu kupitia michezo.

Kwenye mtihani nilitumia duali kama kipimo. Kila swali nililolimaliza nilisoma bei kwenye mstari wa chini, nikazizidisha na rasilimali, nikalinganisha na faida. Zikilingana, nasonga mbele. Zikipishana, narudi kwenye pivoti kutafuta alama ya kutoa iliyopotea. Sikupata sapu.

Kilichobaki kigumu ni michezo ambayo hasara ya mmoja si faida ya mwingine, ile ambayo mwanahisabati John Nash aliithibitishia msawazo mwaka 1950, yaani hali ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili mbinu peke yake. Pale tatizo na pacha wake hawakutani tena kwenye namba moja, na mbinu ya karakana haitoshi. Muhula huu nimeichukua kama kozi ya hiari.