Nilivyotambua mianzi minne iliyouzwa kwa jina moja

Miche minne niliyoipanda Mukono, Uganda, niliuziwa kwa jina moja tu, "mwanzi mkubwa", kwa shilingi elfu kumi na kitu kila mmoja. Ushauri niliopewa wa kuitofautisha ulikuwa: tazama rangi. Ushauri mbovu kabisa! Shina la kijani likichomwa na jua upande mmoja hugeuka manjano, na likizeeka hujaa kuvu hadi rangi isisomeke. Unene nao hudanganya, maana kichaka kichanga cha Dendrocalamus asper, mmoja wa hiyo minne, hutoa vijiti vya unene wa kidole, ilhali kikikomaa shina laweza kufika sentimita 20.

Kinachosema kweli ni ganda, lile linalolifunika chipukizi kwenye kila kifundo. Nilianza kwa kuokota yaliyoanguka chini, na hapo nilipoteza msimu mzima. Nywele zimepukutika, masikio ya pembeni (vijipande viwili vya juu ya ganda, kando ya ncha) yamekatika, mchwa wamekwisha kula nusu. Maganda ya aina zote nne yakawa sawasawa. Isitoshe, maganda ya chini kabisa ya shina hayana umbo kamili. Ya kuaminika ni ya kifundo cha 5 hadi cha 8, ukihesabu kutoka ardhini.

Mvua za Machi zilipowadia nikatumia chandarua kikuukuu. Chipukizi likishapita urefu wa mtu, nafunga kipande cha chandarua kwa kamba ya katani chini kidogo ya kifundo cha 5, mdomo wake ukiwa wazi kama mfuko. Kamba hailidhuru shina, kwa kuwa mwanzi hutoka ardhini na unene wake wote. Haunenepi kama mti. Maganda hujibandua kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo ukipita kila asubuhi unajua lililomo ni la kifundo gani. Liandike namba papo hapo, ulilaze kati ya kurasa za gazeti, uligandamize kwa tofali. Vaa glavu, nywele zake zinawasha kama upupu.

Bambusa vulgaris ilijitoa wazi mara moja: ganda lenye nywele za kahawia iliyokolea, masikio mawili makubwa yenye vinyweleo, na ncha ya pembetatu iliyosimama wima. Ile ya manjano yenye mistari ya kijani ni vulgaris hiyohiyo, usikubali kuuziwa kama spishi nyingine.

Asper ncha yake hupinda nyuma, masikio ni madogo. Uthibitisho uko kwenye shina changa: pingili za chini zina manyoya laini ya kahawia, ukipitisha kidole unahisi mahameli, na vifundo vya chini vina duara la mizizi ya hewani. Dendrocalamus giganteus pia hupinda ncha, ila shina lake changa limepakwa unga mweupe wa nta unaobaki kwenye kidole. Pitisha kidole kabla mvua nyingi hazijauosha.

Bambusa balcooa nilihangaika nayo kidogo. Mwishowe nilitazama matawi: yanaanza karibu na ardhi, magumu, yamechongoka kama miiba, na juu ya kila kifundo kuna pete nyeupe. Ukikata, ukuta wa shina ni mnene. Hiyo naiacha kwa nguzo. Vulgaris ina wanga mwingi na bungua, mdudu atoboaye mbao, huipenda, kwa hiyo ni ya ua na kivuli.

Mzee mmoja wa Mbale aliniuliza kama nitapata malewa, yaani machipukizi ya mwanzi ya kuliwa, hapa. Nilimjibu, "Mzee, malewa ni ya Oldeania alpina, mwanzi wa Mlima Elgon, unaopenda baridi ya mita 2,200 na kuendelea." Na ule hausongamani hivi, mashina yake huachana.

Majina nimeyachora kwa msumari kwenye vipande vya bati. Kila bati limefungwa kwenye kigingi kando ya kichaka, kwa sababu shina litakatwa likifika miaka minne.