Lenzi yenye taa na chapa ya 1895: hatimaye herufi zimeonekana

Imeonekana! Ile stempu ya nusu ana (ana ni sarafu ya zamani ya India) yenye chapa ya "Zanzibar", yaani neno lililopigwa juu ya stempu iliyokwisha chapishwa, niliyokuwa nikiigeuzageuza tangu kabla ya Ramadhani, sasa imesema. Herufi zimeuma karatasi, na wino wa muhuri wa posta umepita juu ya chapa, si chini yake. Kilichonifichia muda wote huo ni taa ya lenzi yangu ya kukuzia, kwa hivyo kumbukumbu hii karibu yote ni ya taa.

Wenzangu wanaokusanya za kwetu wanajua kwa nini nimehangaika. Posta ya hapa ilipotoka chini ya India, Novemba 1895, stempu za India zenye sura ya Malkia Victoria zilipigwa chapa hapahapa Unguja, kwenye mitambo ya gazeti la Zanzibar Gazette. Kazi ilikuwa ya herufi za kuchapia za madini ya risasi, tena ya haraka, ndiyo maana zikatoka "Zanzidar" na "Zanibar" zinazotafutwa dunia nzima. Na ndiyo maana za bandia zimejaa: stempu ya India ya zama zile hupatikana kwa urahisi, kilichobaki kwa mdanganyifu ni neno moja tu.

Herufi ya risasi hukandamiza karatasi. Ukingo wake huacha ufito mwembamba wa wino uliosukumwa nje, na nyuma ya stempu huacha kivimbe. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, na lenzi yangu yenye taa za duara haikunionesha hata kidogo. Neno lilikuwa kubwa, jeusi, safi, lakini bapa. Nikabadilisha betri, nikaisafisha, nikasogeza stempu juu na chini, bado bapa.

Sababu ni kwamba taa za duara humulika kutoka pande zote kwa pamoja. Kivuli kinachotupwa na taa ya kulia kinafutwa na taa ya kushoto, na karatasi yenye mabonde inageuka sakafu. Kwa kutazama meno ya ukingo wa stempu, au kusoma tarehe ya muhuri, taa hiyo ni nzuri sana na sitaitupa. Kwa kutazama kina cha chapa haifai kabisa.

Nikachukua utepe mweusi wa mafundi umeme nikaziba taa zote isipokuwa moja. Hapo kidogo! Kwenye mguu wa "Z" kikatokea kivuli, nikapiga kelele hadi watoto wakaja kuangalia. Lakini taa ile iko karibu mno na kioo, mwanga unashuka kutoka juu, kivuli ni kifupi na hakiaminiki. Ulihitajika mwanga unaotambaa juu ya meza, wa chini kabisa, karibu ulingane na karatasi yenyewe. Nikazima taa ya lenzi, nikalaza tochi ndogo ubavuni mwa stempu, nikaizungusha taratibu. Kila herufi ikasimama, kama matuta ya muhogo jua linapokaribia kuzama. Nikaigeuza stempu: nyuma kuna vivimbe, na vinafuata neno lote.

La muhuri lilikuwa gumu zaidi, maana chapa nyeusi na muhuri mweusi. Mdanganyifu huchukua stempu ya India iliyokwisha tumika akaipiga chapa, hivyo chapa yake hukaa juu ya muhuri. Chini ya taa za duara wino zote mbili zinang'aa sawa. Chini ya tochi ya ubavuni zikatengana: wino wa chapa una mafuta na unang'aa, wa muhuri umefifia kama unakunywa mwanga. Pale unapokutana mkono wa "b" na duara la muhuri, mng'ao unakatika. Muhuri uko juu. Nimetazama kila upande na jibu ni lilelile.

Sasa lenzi yenyewe, maana wenzangu wameniuliza wanunue ipi. Zile zinazouzwa zimeandikwa "mara 40", zenye kioo cha upana wa milimita 25, msizinunue kwa sababu ya nambari hiyo. Chukua lenzi, simama mbali na dirisha, tupa picha ya dirisha juu ya karatasi, pima kutoka kioo hadi karatasi, kisha gawa 250 kwa milimita ulizopata. Yangu iliyoandikwa 40 ilitoa picha kwenye milimita 50, maana yake ni mara 5. Mara 40 ya kweli ingetaka kioo kikae milimita 6 tu kutoka kwenye stempu, na kioo kipana kiasi kile hakiwezi. Na hata kingeweza, tochi ungeipitishia wapi?

Mara 10 inatosha, na inakuachia kama milimita 25 za nafasi ya kupitisha mwanga. Mtoto wa ami yangu aliponiletea kutoka Muscat lenzi ya BelOMO, ya Belarus, yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, nilielewa kwa nini masonara hawabembelezi lenzi za plastiki. Lenzi ya kioo kimoja huzungushia herufi nyeusi ukungu wa rangi, nyekundu upande huu na buluu upande ule. BelOMO hii haina taa ndani, na nasema wazi kwamba kwa kazi ya chapa naiona bora kuliko zote zenye taa nilizoshika. Anayetaka lazima yenye taa, atafute ambayo taa yake unaweza kuizima ukaitumia lenzi bila taa, na pembeni yake pako wazi. Nyingi zimefungwa kwa kikombe cha plastiki, mwanga wa nje haupenyi.

Rangi ya taa nayo si jambo la kupuuza. Za mwanzo kabisa za nusu ana na ana moja zilipigwa kwa wino wa buluu, kisha ndipo weusi ukashika. Tofauti ya thamani ni kubwa mno. Taa nyeupe za bei nafuu zina buluu nyingi, na chini yake chapa nyeusi iliyopauka huonekana buluu kabisa. Hukumu ya rangi naitoa barazani asubuhi, kwa mwanga wa nje, bila taa yoyote. Hapo nusu ana yangu ni nyeusi, na nimeiandika hivyo kwenye albamu.

Mwezi huu nilipanga kumaliza kuchunguza alama za maji (zile zilizomo ndani ya karatasi) za stempu za Sultani Seyyid Khalifa. Zimekaa kwenye bahasha na zitaendelea kukaa, kwa sababu nimeshikwa na jambo jipya: kuweka BelOMO mbele ya kamera ya simu na kupiga stempu ileile mara nne, tochi ikihama kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Picha nne zikiwekwa pamoja, kivimbe cha kweli huhamisha kivuli chake na doa la wino halihami. Simu inataka kushikiliwa bila kutikisika, kwa hivyo nimempa seremala wa Kikwajuni kipande cha mninga anichongee kigingi chenye tundu la lenzi.

Kikija kigingi, naanza na zile za JAMHURI 1964, zilizogongwa kwa muhuri wa mkono baada ya Mapinduzi. Kwenye hizo sitafuti kuuma. Natafuta namna wino ulivyotambaa ukingoni mwa herufi, na huenda pale taa ya duara ikawa ndiyo sawa. Nimeacha utepe nusu umebandikwa, ili niweze kujaribu zote mbili.